Ng'ambo ya Mekong: Hekalu Dogo na Picha Zake

Asalamu alaikum, na jioni njema kwenu nyote. Walimu wangu, wasanii wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa sakafuni baada ya viti kwisha, ahsanteni kwa kuja.

Walionialika walitaka nizungumzie sanaa za dini za Mashariki. Hiyo ni bahari, na usiku mmoja hautoshi hata kulowesha miguu. Nimeona heri nishike hekalu moja dogo la Kibuddha lililo kando ya mto Mekong, nchini Laos, nililizunguke taratibu, na pale patakapohitajika nivuke mto niwaonyeshe mengine mawili matatu ya jirani. Ninalotaka kulitetea jioni ya leo ni hili: picha na sanamu za hekalu kama lile ni sehemu ya tendo. Kuna maji yanayomwagwa, kuna kisa kinachosomwa, kuna sadaka inayotolewa, na picha imo ndani ya hayo yote. Ukiitoa humo ukaitundika peke yake, umebaki na nusu ya kazi.

Lakini kwanza nijibu swali ambalo kijana mmoja aliniuliza pale mlangoni, kwa adabu nzuri. Aliniuliza: "Mwalimu, wewe umekulia chuoni, Pemba, umesoma msahafu kabla ya kujua kushika penseli. Ulikwenda kutafuta nini kwenye nyumba ya masanamu?"

Mwanangu, nilikwenda kwa sababu ya msikiti. Wenye kuufahamu msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kule kusini mwa Unguja, wanajua kwamba ukutani mna maandishi ya Kikufi, yaani hati ya Kiarabu ya kale, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Nimeyachora maandishi yale mara nyingi. Hayana mtu wala mnyama, lakini yamewekwa kwenye ukuta wa kibla, mahali ambapo macho ya waumini yanaelekea. Kazi ile haikukusudiwa kutazamwa na mtu aliyesimama huku amekunja mikono. Ilikusudiwa mtu aliyekwisha kutawadha, aliyejipanga safu, anayejua anaelekea wapi. Mtu aliyelelewa na sanaa ya namna hiyo ana haki ya kujiuliza wenzake wa dini nyingine wanaifanyaje yao. Niliingia mle kama mgeni. Sikuabudu, na hakuna aliyenitaka niabudu. Nilivua viatu, nikaketi chini, nikatazama.

Sasa twende. Luang Prabang ni mji mdogo wa kaskazini mwa Laos, umekaa kwenye ulimi wa ardhi ambapo mto Nam Khan unaingia Mekong. Ulikuwa makao ya wafalme wa Lan Xang, dola ambayo Fa Ngum aliianzisha mwaka 1353. Mfalme Setthathirath alihamishia makao makuu Vientiane mwaka 1560, lakini mji haukuacha kuwa mji wa wafalme na wa watawa. Wafaransa walikuja, wakatawala, wakaondoka. Ufalme wenyewe ukafutwa Desemba 1975. Na mwaka 1995 UNESCO ikauingiza mji katika orodha ya urithi wa dunia. Watalii wengi huishia upande huo wa mji, na siwalaumu, kwa maana kila baada ya nyumba chache kuna hekalu. Lakini ukishuka ngazi nyuma ya kasri ya zamani, ambayo sasa ni makumbusho, utakuta mashua zinazovusha watu ng'ambo, kwenye kijiji cha Xieng Maen. Wanavuka wanawake na makapu yao ya mboga, wanafunzi, pikipiki. Ni kama pantoni ya Kigamboni, ila ndogo na haina honi.

Ukishuka ng'ambo unafuata njia ya kijiji, mto ukiwa mkono wako wa kulia, mpaka unafika Wat Long Khun. Hekalu hili limekaa karibu mkabala kabisa na Wat Xieng Thong, hekalu kuu lililo upande wa mji. Na hapo ndipo ninapotaka mtulie nami kidogo, maana udogo wake unadanganya. Kuna ukumbi mmoja wa ibada, ambao Walao huuita sim, uliopakwa chokaa nyeupe. Kuna nyumba za mbao za watawa, na miti ya champa ambayo ua lake ndilo ua la taifa la Laos. Basi. Mtu mwenye haraka anaumaliza uwanja ule kwa dakika chache.

Sasa sikilizeni uwanja ule ulikuwa na kazi gani. Kwa desturi ya Luang Prabang, mfalme mteule alivuka mto kabla ya kutawazwa, akakaa Wat Long Khun siku tatu, akioga kwa taratibu za kidini na kutafakari. Alitoka kwenye kasri, akaacha mji wenye mahekalu makubwa ya dhahabu, akaja hapa. Sehemu ya nyuma ya ukumbi ni ya karne ya 18. Sehemu ya mbele, ile baraza yenye nguzo, iliongezwa mwaka 1937, enzi ya Mfalme Sisavang Vong, aliyetawala kuanzia mwaka 1904 hadi alipofariki mwaka 1959. Ukitazama kwa makini unaona mshono wa enzi mbili katika jengo moja. Wajenzi hawakujaribu kuuficha, na mimi napenda majengo yasiyoficha umri wake.

Kabla hujaingia, unakutana na walinzi. Kila upande wa mlango amechorwa mzee mmoja mrefu mwenye ndevu, kavaa mavazi ya Kichina. Kwa nini Wachina? Kwa sababu Mekong unashuka kutoka huko. Mto huu unapita nchi sita: China, Myanmar, Laos, Thailand, Kambodia na Vietnam. Pamoja na maji yake walishuka wafanyabiashara, misafara ya farasi, na vilevile vikosi vya wapiganaji, ambavyo mwaka 1887 vilifika vikaupora mji wa Luang Prabang. Sidai kwamba mchoraji wa mlango ule alikuwa na tukio hilo kichwani. Nasema tu kwamba mtu wa ukingo wa mto humjua mgeni, na ameamua kumsimamisha mlangoni awe mlinzi. Kwangu mimi huo ni uamuzi wa kisanii wenye akili kubwa: nguvu unayoiogopa unaipa kazi.

Unaingia. Giza kwanza. Tafadhali, wale mtakaofika huko, msiwashe tochi ya simu papo hapo. Ketini. Macho yakizoea, kuta zinaanza kujitokeza: michoro ya visa vya maisha ya awali ya Buddha, vile vinavyoitwa Jataka. Kwa imani ya Wabuddha, kabla ya kuzaliwa mara ya mwisho kama Siddhartha, Buddha aliishi maisha mengi, mara mnyama, mara mfanyabiashara, mara mwana wa mfalme, na kila maisha yalimkomaza katika fadhila fulani. Mkusanyo wa Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibuddha, una visa 547. Hakuna ukuta unaovibeba vyote, kwa hiyo kila hekalu huchagua vyake.

Rangi za Wat Long Khun zimefifia, na mahali pengine zimebanduka kabisa. Hapa nizungumze na wachoraji. Michoro ya ukutani ya sehemu hizo kwa kawaida huchorwa juu ya lipu iliyokwisha kukauka. Rangi haiingii ndani ya lipu. Inashikwa juu kwa gundi. Faida yake ni kwamba mchoraji ana muda, anaweza kurudia mstari kesho. Hasara yake ni maji. Paa likivuja, au unyevu ukipanda kutoka ardhini ukibeba chumvi, rangi inainuka na kudondoka kama magamba. Na hekalu la kando ya mto, katika nchi ya mvua za masika kali, unyevu haulikimbii. Miaka ya 1990 taasisi ya Kifaransa ya taaluma za Mashariki ya Mbali, École française d'Extrême-Orient, ililikarabati hekalu hili, na bila kazi hiyo huenda leo tusingekuwa na kitu cha kuzungumza.

Sasa, namna ya kuzisoma. Michoro ya jadi ya namna hii haina fremu kati ya tukio na tukio. Mtu yuleyule anaonekana hapa anaagana na mkewe, hatua mbili kulia yuko msituni, juu yake anapiga magoti mbele ya mzee. Mwanafunzi aliyezoea vibonzo anatafuta mistari ya kutenganisha, haioni, anachanganyikiwa. Mistari ipo, lakini imechorwa kwa miti, kwa ukuta wa mji, kwa mfereji wa maji. Na wala hakuna kona moja ambapo kisa kinaanza. Aliyechora alijua kwamba watazamaji wake wameshakisikia kisa hicho tangu wamebebwa mgongoni. Hakuwa anawasimulia, alikuwa anawakumbusha. Ndiyo maana mgeni asiyejua kisa anaona mapambo, na bibi wa kijijini anaona watu anaowajua.

Kwa hiyo niwape kisa kimoja, ili mkifika mkae kwenye nafasi ya yule bibi. Nitakichukua kisa cha Vessantara, ambaye Walao humwita Pha Wet. Kwa ajili ya kisa hiki turudi upande wa mji, kwenye Wat Mai, jirani na kasri ya zamani, ambapo ukuta wote wa mbele, chini ya baraza, umefunikwa kwa nakshi za kuinuka zilizopakwa dhahabu. Ukitazama mbali ni mng'ao tu. Ukisogea unaona nyumba za nguzo, mitende, tembo, watu wakiwa kazini. Kisa ni cha India ya kale, lakini wasanii wamekihamishia vijiji vya Laos.

Vessantara ni mwana wa mfalme wa Sivi, na ameweka nadhiri ya kutomnyima mtu kitu. Nchi yake ina tembo mweupe ambaye popote aendapo mvua inanyesha. Wanakuja watu wa Kalinga, nchi yao imekauka, wanamwomba tembo. Anawapa. Wananchi wanakasirika, tena kwa haki, na mfalme analazimika kumpeleka mwanawe uhamishoni. Mkewe Maddi anakataa kubaki nyuma. Wanaondoka na watoto wawili, Jali na Kanhajina. Njiani wanaombwa farasi, wanatoa. Wanaombwa gari, wanatoa. Wanabeba watoto mikononi, wanakwenda kwa miguu mpaka mlimani.

Halafu anakuja Jujaka. Huyu ni mzee ambaye mke wake kijana amechoka kuchekwa kisimani na wanawake wenzake, na amemwambia mumewe: nitafutie watumishi. Jujaka amesikia kuna mtu asiyenyima. Anasubiri mpaka Maddi ameenda kuchuma matunda, anafika kwa Vessantara, anaomba watoto.

Watoto wanasikia. Wanakimbia, wanaingia kwenye bwawa, wanajificha chini ya majani ya yungiyungi.

Baba yao anawaita. Wanatoka. Anawatoa.

Wakati huo miungu inajua kwamba Maddi akiwahi kurudi atazuia. Watatu kati yao wanajigeuza simba, chui na chui milia, wanalala katikati ya njia mpaka jua linazama. Mwanamke amesimama na kapu lake la matunda, anawasihi wanyama wampishe, watoto wake wana njaa. Ndugu zangu, mimi ni mzazi, na sitawaficha: sehemu hii naisikia kama kisu. Nimekaa mbele ya picha za Maddi na wale wanyama zaidi kuliko picha nyingine yoyote ya kisa hiki.

Na msidhani ni sisi wageni tu tunaoshtuka. Katika maandishi ya kale ya Kipali, mfalme Milinda anamkabili mtawa Nagasena kwa swali hilihili: sadaka inayomliza mwingine ni sadaka gani? Wabuddha wenyewe wamelibeba swali hilo karne kwa karne, na hawakukiondoa kisa kwa sababu kinauma. Mwisho wake unajulikana: mungu Sakka anakuja amejibadili, anaomba apewe Maddi, anapewa, kisha anamrudisha kwa mumewe, Jujaka anapotea njia, anafika na watoto kwa babu yao, mfalme anawakomboa, Jujaka anakula mpaka anakufa kwa kushiba, familia inaonana tena, na mvua inanyesha.

Kila mwaka Walao wana sikukuu ya Bun Pha Wet, ambapo kisa hiki husomwa hekaluni, sura zote 13, na watawa wakipokezana, na watu wakiketi kusikiliza tangu alfajiri. Mahali pengi wanabeba kitambaa kirefu kilichochorwa kisa chote, wanakitembeza kwa maandamano kuingia nacho kijijini, maana yake wanamrudisha Pha Wet nyumbani kutoka msituni. Hebu tafakarini hilo kama wasanii. Mchoro wa mita nyingi, umeshikwa na mikono ya kijiji kizima, unatembea. Nani kati yetu amewahi kuchora kitu kikapata watazamaji wa namna hiyo?

Nimetaja mvua mwanzo wa kisa na mvua mwisho wake. Maji yanapita kwenye sanaa yote ya mahekalu haya, na ukilishika hilo unazielewa sanamu pia. Vessantara anapotoa, anamwaga maji mkononi mwa anayepokea. Ndiyo muhuri wa sadaka. Mpaka leo muumini wa Kilao akitoa sadaka humwaga maji kidogo kidogo ardhini huku mtawa akisoma dua, ili thawabu iwafikie na waliokufa. Sasa tazameni sanamu ya Buddha aliyeketi, mkono wa kushoto mapajani, vidole vya kulia vikigusa ardhi. Hiyo ndiyo sanamu mtakayoikuta zaidi. Kisa chake ni kwamba usiku wa kuamka kwake, pepo mshawishi aitwaye Mara alikuja na jeshi, akamwambia: nani shahidi wako kwamba unastahili kuketi hapo? Buddha akagusa ardhi. Ardhi ikatoka kwa umbo la mwanamke, Nang Thorani, akazikamua nywele zake. Yakatoka maji, maji yote yaliyomwagwa juu ya ardhi katika sadaka za maisha yote ya nyuma, yakawa gharika, yakalizoa jeshi. Msichana anayekamua nywele mtamkuta kwenye kuta na milango ya mahekalu mengi. Asiyejua anaona mtu anaoga.

Kuna sanamu nyingine ambayo Walao wameipenda kuliko majirani zao: Buddha amesimama wima, mikono imenyooshwa chini sambamba na mwili, vidole vyote vikielekea ardhini, na ncha za vazi zimetoka pembeni kama mapezi. Ni Buddha anayeita mvua. Kwa mchongaji, umbo lile ni darasa zima. Halina msuli, halina kitendo, na bado limejaa mwelekeo.

Na ikifika katikati ya Aprili, mwaka mpya wa Kilao, maji yanakuja yenyewe. Sanamu hutolewa na kuogeshwa. Hawazimwagii kwa ndoo. Wana mfereji mrefu wa mbao uliochongwa umbo la naga, joka la majini, ambaye kwa mapokeo ndiye mlinzi wa mto na mji. Maji yenye manukato na maua humiminwa mgongoni mwa naga, yanateremka mpaka kwenye sanamu. Kwa siku nyingine zote za mwaka, naga huyo anaweza kuwa amewekwa kando ukumbini, na mtalii humpiga picha kama mchongo mzuri. Ni mchongo mzuri, kweli. Lakini mkono uliomchonga ulihesabu mteremko wa maji. Sanamu inayoheshimiwa kuliko zote, Pha Bang, yenye kimo cha sentimita 83, na ambayo ndiyo iliyoupa mji jina lake, hutolewa makumbusho siku hizo na kupelekwa Wat Mai ili watu waiogeshe. Wasiamu, yaani watu wa Thailand ya leo, waliichukua mara mbili katika historia, na mara zote mbili ilirudi.

Nije kwenye dhahabu, maana najua wachapaji na wachora hina mliopo hapa mnaisubiri. Ndani ya Wat Xieng Thong, hekalu lililojengwa mnamo 1560, kuta nyeusi zimejaa watu, maua, majoka na magurudumu ya mafundisho, yote kwa dhahabu. Hakuna brashi iliyopita pale. Ni stensili. Fundi anakata nakshi kwenye karatasi ngumu kwa patasi ndogondogo. Ukuta unapakwa utomvu wa mti ambao ukikauka huwa mgumu na mweusi unaong'aa. Wakitaka wekundu huchanganya rangi. Karatasi inabandikwa, utomvu mwembamba unapitishwa kwenye matundu, na kabla haujakauka kabisa unabandikwa utando wa dhahabu mwembamba kiasi kwamba pumzi inaupeperusha. Karatasi inabanduliwa, nakshi inabaki. Kazi ngumu yote imo kwenye ukataji, na ubora wa fundi unauona kwenye vile viungo vidogo vinavyozuia karatasi isikatike vipande: fundi mzuri anaviingiza kwenye nakshi yenyewe, ukakosa kuviona. Ukutani kwa nyuma, upande wa nje, kuna mti mkubwa wa vioo vya rangi juu ya wekundu, kazi ya miaka ya 1960. Kijumba chekundu cha ibada kilicho jirani kilipambwa kwa vioo hivyohivyo mwaka 1957, katika kuadhimisha miaka 2,500 tangu Buddha kuaga dunia, na humo utaona wakulima na wavuvi, maisha ya kawaida ya kijiji. Ni kazi za juzi juzi, na ndizo zinazopendwa kuliko zote.

Mambo haya waliyajua nani? Kwa sehemu kubwa, watawa. Mvulana aliingia utawani akajifunza kusoma, na pamoja na kusoma akajifunza kuchonga, kuchora, kukata stensili, kutengeneza paa. Baada ya ufalme kufutwa mwaka 1975 mlolongo huo ulikatika. Miaka ilipita bila wanafunzi wa kutosha, mafundi wakazeeka, paa likivuja linazibwa kwa saruji na mbao kupakwa rangi ya mafuta ya dukani. Kuanzia mwaka 2000, kwa mradi wa UNESCO na viongozi wa watawa, ilianzishwa shule ya ufundi katika Wat Xieng Muan, watawa vijana wakifundishwa tena kuchonga, kuchora na kupaka dhahabu na wazee waliobaki. Mnisamehe nikipandisha sauti hapa. Jambo hili ndilo linaloniuma kwetu pia: fundi anakufa, tunabaki na picha ya mlango.

Na mtu mmoja wa kumtaja kwa heshima ni Pha Khamchan Virachitta, aliyekuwa mkuu wa Wat Saen na akafariki mwaka 2007. Katika maisha yake alihifadhi maelfu kwa maelfu ya picha za kamera, za watawa, za sherehe, za majengo, nyingine za tangu karne ya 19. Alizitunza katika miaka ambayo kutunza kulikuwa na hatari. Leo picha hizo ni hazina ya kumbukumbu, na fundi anayetaka kujua ukuta fulani ulikuwaje kabla haujabadilishwa ana pa kutazama.

Hapa kuna ugomvi ambao sitauzunguka. Mtaalamu wa urithi anataka picha ya zamani ibaki kama ilivyo, hata ikiwa nusu. Mwanakijiji anataka picha iliyochakaa ichorwe upya, kwa sababu kukarabati hekalu ni thawabu, na kuacha uso wa Buddha umebanduka ni aibu. Nani yuko sahihi? Mimi, kwa michoro ya Wat Long Khun, nipo na mtaalamu: mkono ule wa zamani haupatikani tena, na kuupaka juu ni kuunyamazisha. Lakini naomba mtaalamu ajue anachokiomba. Anawaomba waumini wasifanye tendo la ibada ili sisi tupate kutazama. Ombi hilo linahitaji unyenyekevu na mazungumzo marefu, haliji kwa amri.

Kwa sababu watu hawa wana njia zao za kuaga vitu. Mto Ou unapokutana na Mekong, kiasi cha kilomita 25 juu ya mji, kuna mapango ya Pak Ou. Ndani yake kuna maelfu ya sanamu za Buddha, za mbao, za udongo, nyingi zimeliwa na mchwa au zimevunjika mkono. Zililetwa hapo na watu miaka na miaka. Sanamu iliyozeeka haitupwi. Na mwezi wa Oktoba, mbalamwezi ikiwa kamili, msimu wa watawa kukaa ndani unapokwisha, kila hekalu na mtaa hutengeneza mashua ya mianzi na karatasi za rangi, kubwa, yenye umbo la joka, imejaa mishumaa. Vijana na watawa huifanyia kazi kwa siku nyingi. Wanaitembeza barabarani mpaka Wat Xieng Thong, wanaiteremsha ngazi, wanaiachia Mekong iichukue. Hairudi. Mwakani watatengeneza nyingine, na mtoto aliyekuwa anashika gundi mwaka huu atakata karatasi.

Ndiyo maana nakereka ninapoona kichwa cha Buddha peke yake juu ya kabati la sebuleni au mlangoni pa hoteli. Vichwa vingi vya kale vilivyo sokoni duniani vilikatwa kwenye miili. Sheria ya Laos inakataza kutoa sanamu za kale nje ya nchi, na sanamu zimeibwa hata hivyo kwa sababu kuna wanunuzi. Msinunue. Mkitaka kitu cha kukumbuka, nunueni karatasi mpya ya stensili kwa fundi aliye hai, mlipe vizuri.

Kuhusu adabu sitachukua muda, mnazijua kwa sababu zinafanana na zetu: funika mabega na magoti, vua viatu, usikae mahali palipo juu kuliko sanamu, usielekeze nyayo kwake, na dada zangu wasimguse mtawa. Wakati wa alfajiri watawa wanapopita kupokea wali wa kunata, kaa mbali na uweke kamera mfukoni.

Wengi mtasema Laos ni mbali na nauli hakuna. Basi hapa hapa Dar es Salaam, Upanga, kuna hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na watu kutoka Sri Lanka, ambao walikuwapo mjini humu tangu zama za Vita vya Kwanza vya Dunia. Uwanjani kuna mti wa bodhi, aina ileile ya mti ambao Buddha aliketi chini yake. Wengi wetu tumepita jirani yake maisha yetu yote bila kuingia. Watawa wake ni wakarimu, na sanamu iliyo ndani ni ya mkono wa Sri Lanka, kwa hiyo mtaona uso tofauti na wa Kilao: tazameni nyusi, tazameni ule mwali unaochomoza juu ya kichwa, mlinganishe na picha nilizobandika ukutani hapa. Nataka kupeleka kikundi kidogo, baada ya kuomba ruhusa kwa wenyewe. Atakayekuja aje na daftari na penseli, na awe ameshakisoma kisa cha Vessantara mpaka mwisho. Karatasi ya majina iko kwa dada aliyekaa pale karibu na mlango. Ahsanteni, na sasa nipo kwa maswali.